Toroli la Pili

Makaa ya mawe yalikuwa yamekwisha kuanguka. Imrih Kostelnik alikuwa ameyalipua asubuhi ile ya Jumanne, akayavunja, akayachambua mawe kwa mikono, na sasa yalikuwa yamelala mbele yake rundo zima, meusi, yanang'aa kwenye mwanga wa taa ndogo ya mafuta iliyochomekwa kofiani mwake. Hakuwa na pa kuyatia. Alikaa juu ya kopo tupu la baruti, magoti yamekaribia kidevu kwa sababu dari ya chumba chake ilikuwa chini, miguu ndani ya maji yaliyofika kwenye vifundo. Alikuwa anasubiri toroli.

Mchimbaji hakulipwa kwa kuchimba. Alilipwa kwa toroli lililofika juu limejaa, kibati chake cha shaba kimening'inia pembeni na namba yake inasomeka. Makaa yaliyolala chini ya ardhi hayakuwa ya mtu. Ungeweza kuchimba mlima ukalala na njaa.

Akasikia kwato za nyumbu, chotara wa punda na farasi, na nyuma yake magurudumu. Toroli tupu lina kelele zake. Linarukaruka kwenye reli kama sufuria iliyoangushwa, wakati lililojaa hunguruma polepole kama mtu aliyeshiba. Hili lilikuwa tupu. Imrih akasimama nusu wima, akashika koleo.

Mwanga wa taa ya mwendesha nyumbu ulitokea kwenye mdomo wa chumba, ukaangaza ukuta, ukapita.

"Duggan," Imrih aliita. "Umenipita."

"Nimekupita." Duggan alikuwa Muayalandi mzee mwenye mguu mmoja uliopindishwa na mwamba.

"Mimi bado sijapata hata moja."

"Mwambie nyumbu. Yeye ndiye anayetangulia."

"Nani kakutuma kule ndani?"

"Mjomba, mimi na huyu mnyama tunakwenda tunakotumwa. Tofauti yetu ni kwamba yeye akifa itabidi wamnunue mwingine. Mimi nikifa, wa kuchukua nafasi yangu yuko getini toka alfajiri."

Magurudumu yakaendelea, yakapinda, yakanyamaza. Imrih hakuhitaji kwenda kuchungulia. Mbele ya chumba chake kulikuwa na chumba kimoja tu, nacho kilikuwa cha Demko Hlavati. Lile la kwanza lilikuwa limepita mapema. Hili lilikuwa toroli la pili.

Majira ya baridi yaliyopita watu wa mgodi ule waligoma mpaka wakala maganda ya viazi. Hawakupata nyongeza. Hawakupata daktari. Walichopata ni kitu kimoja, zamu: kila chumba kipate toroli moja kabla ya chumba chochote kupata la pili. Waayalandi, Walitwania, Waslovaki, watu ambao hata salamu walikuwa hawaelewani, walilielewa neno hilo na kila mmoja alilitamka kwa ulimi wake. Aliyelisema kwanza, amesimama juu ya pipa mbele ya ofisi ya kampuni huku theluji ikimjaa kwenye masharubu, alikuwa ni huyohuyo Demko.

Imrih akakaa tena juu ya kopo lake. Akasikiliza koleo la Demko likipiga chini, likiinuka, likimwaga. Likipiga, likiinuka, likimwaga.

*

Nyumba za kampuni zilijengwa mbilimbili, mgongo kwa mgongo, na kati ya jiko la Kostelnik na jiko la Hlavati kulikuwa na ukuta wa ubao mmoja. Ukikohoa huku, kule wanakuambia pole.

Verona, mke wa Imrih, alikuwa anakoroga supu ya kabichi chachu. Binti yao Ilka, mwenye miaka mitatu, alikuwa chini ya meza anafunga na kufungua kamba za viatu vya baba yake. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe ilipenya kwenye nyufa za ubao ikatanda juu ya supu.

"Wanakaanga," Verona alisema.

"Nina pua."

"Hanka wa Demko leo ametoka dukani na kitu kimefungwa kwenye karatasi. Akanisalimia vizuri kweli. Mwanamke akikusalimia vizuri hivyo ujue kabeba nyama."

Upande wa pili watoto wa Demko walikuwa wanacheka, wote watano, wavulana watupu. Imrih alikuwa amezika wavulana wawili tangu afike Pensilvania, wote kwa kikohozi, wote mwezi wa pili. Sauti ya watoto wale ilikuwa inampata hata akiziba masikio. Na sauti ya Demko ndani yake, nene, inayosimulia jambo, kisha kicheko tena. Mtu huyu alikuwa anacheka nini?

Kule kwao ng'ambo, baba yake Demko alikuwa mchunga kondoo wa baba yake Imrih. Alikula mlangoni, kofia mkononi, na alishukuru. Demko mwenyewe alikuja Amerika amevaa koti kuukuu la Imrih. Huku wakaanza sawa, mgodi mmoja, siku moja. Lakini Demko alipewa chumba chenye dari ya juu, unachimba umesimama kama binadamu, na Imrih akapewa kile cha kupiga magoti. Demko alijifunza Kiingereza kwa kugombana na watu baa. Alipoingia ukumbi wa chama cha wachimbaji, mtu aliinuka kumpa kiti. Imrih alikuwa anaegemea ukuta.

Na Demko alikuwa kmotor wake. Kwao, mtu akimshika mtoto wako juu ya maji ya ubatizo mnaacha kuitana majina. Mnaitana kmotre mpaka mmoja wenu azikwe. Demko ndiye aliyemshika Ilka. Imrih alimwomba mwenyewe, siku ambayo theluji ilikuwa imeziba njia ya kanisani, na Demko akambeba mtoto ndani ya koti lake mpaka altareni. Hata hilo, akilikumbuka sasa, lilimkera. Kwa nini mtoto hakulia mikononi mwake?

"Kula," Verona alisema. "Inapoa."

*

Wiki ile matoroli yalimpita Imrih kila siku. Siku nyingine alipata moja, nyingine hakupata, na kila alipokaa kusubiri alisikia magurudumu matupu yakienda kwa Demko na magurudumu mazito yakirudi. Hakwenda kumuuliza. Kutoka chumba hadi chumba ni mwendo wa mtu kumaliza kusema Baba Yetu, lakini hakwenda. Alikuwa anasikiliza. Ikafika mahali anaacha kuchimba ili asikilize vizuri.

Ijumaa, wakati wachimbaji wamejipanga chini ya shimo kusubiri lifti iwapandishe juu, nyapara Treharne alisimama karibu naye. Treharne alikuwa Mwelshi, mtu wa kanisa, mwenye leso safi hata chini ya ardhi.

"Kostelnik. Rundo lako likoje?"

"Lipo, bwana. Linasubiri toroli."

"Pole. Matoroli ni machache siku hizi."

"Kwangu ni machache."

Treharne akafuta vidole vyake kimoja kimoja. "Jirani yako sijamsikia akilalamika. Hodari yule. Anajua kuongea na watu."

"Anaongea na nani, bwana?"

"Mimi nimesema kitu?" Treharne alitazama juu, kule mwanga ulikotokea. "Nyie wa chama mnajuana wenyewe. Mimi nyapara tu, naambiwa toroli liende wapi, naandika."

"Nani anakwambia?"

"Angalia mguu, lifti inashuka."

Ndani ya lifti watu walibanana kifua kwa mgongo. Demko alikuwa humo, mrefu kuliko wote. Alimwona Imrih akamkonyeza, kama alivyomkonyeza siku zote. Imrih alitazama ukuta wa mwamba ukishuka mbele ya macho yake, umelowa.

*

Jumamosi jioni Demko aligonga mlango. Alikuwa ameoga, nywele bado mbichi, mkononi ana bakuli limefunikwa kitambaa.

"Kmotre. Hanka kasema mpeni Ilka. Mafuta na vipande vya nyama. Siyo kitu."

"Tumeshakula."

"Nyama haina tumeshakula." Demko alicheka, akaona amecheka peke yake. Akashusha bakuli. "Nina neno nataka tuongee. Mimi na wewe, kabla ya kikao cha kesho. Kuna mambo kule chini hayajakaa sawa na sijui niyabebe vipi."

Imrih alisimama katikati ya mlango. Nyuma yake Ilka alikuwa ameisikia sauti ya baba yake wa ubatizo na anasukuma mguu wa Imrih apite. Imrih akambana kwa goti.

"Neno lako utaliambia chama."

"Nataka nikuambie wewe kwanza. Unisaidie kufikiri."

"Tangu lini mtoto wa mchunga kondoo anamhitaji Kostelnik kufikiri?"

Demko alimtazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwudhi Imrih zaidi. Aliweka bakuli juu ya ngazi, taratibu, kama anayeweka kitu kanisani.

"Mbwa wasilifikie," alisema, akarudi kwake.

Verona aliliingiza bakuli ndani dakika hiyohiyo. Ilka alikula. Verona alikula. Imrih alikaa amegeuzia meza mgongo, mdomo umemjaa mate.

*

Chama kilikutana Jumapili baada ya misa, ghorofani juu ya baa. Mwenyekiti alikuwa Mlitwania mmoja anaitwa Balkus, mtu mzito wa kusema, mwenye kovu la bluu la makaa katikati ya paji la uso. Demko alikuwa msemaji. Mkataba uliomaliza mgomo ulisema kampuni haiwezi kumfukuza kiongozi wa chama, wala kumtoa nyumbani mwake, bila kukaa na chama kwanza. Treharne alikuwa ameutia saini mkataba ule mwenyewe, kwa hasira.

Balkus aliuliza kama kuna mwenye shauri. Imrih alitoka ukutani. Hakuwa amewahi kusema neno katika ukumbi ule, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Nataka kuuliza zamu bado ipo au imekufa."

"Ipo," Balkus alisema.

"Mbona mtu mmoja anapata matoroli mawili, matatu, na mwenzake anakalia kopo?"

Kelele zikaanza. "Nani?" "Mtaje." "Usitupotezee bia."

"Demko Hlavati. Chumba changu kiko njiani kwake. Nayasikia magurudumu. Na nyumbani ubao wetu mmoja, nanusa wanachokaanga."

"Kwa hiyo tumfukuze kwa harufu?" Muayalandi mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

"Mwulizeni mwenyewe," Imrih alisema. "Vitunguu vilijikaanga?"

Demko alikuwa amesimama tayari. Kicheko kikafa kidogo kidogo kwa sababu hakuwa anacheka.

"Ni kweli," alisema.

Glasi ikasikika ikioshwa chini, kwenye baa.

"Jumatatu Duggan alileta toroli la pili. Nikamwambia lirudishe, si zamu yangu. Akasema ametumwa. Akafungua mnyororo, akaondoka na nyumbu, akaliacha mdomoni mwa chumba changu. Nyie ni wachimbaji. Mnajua toroli tupu likikaa pale. Huwezi kutoa hata koleo moja. Nikalisukuma kwa bega, lakini reli inapanda pale, mtu mmoja halisukumi. Siku ya kwanza nilikaa nikilitazama mpaka saa ya kutoka. Nikapoteza siku nzima. Siku ya pili likaja tena." Akakuna masharubu. "Siku ya pili nililijaza."

"Ukatundika kibati cha nani?" Balkus aliuliza.

"Changu."

"Na la tatu?"

"Changu. Nina watoto watano, Balkus. Yalikuwa makaa yangu, nimeyachimba mimi. Sikuiba. Lakini najua siyo zamu."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Sikujua waliniletea kwa nini. Nilitaka kuongea na mtu mmoja kwanza." Demko alimtazama Imrih.

Imrih alikuwa anatazama ndani ya kofia yake. Kulikuwa na uzi umefumuka kwenye utepe. Kama angesema wakati ule, alikuja kwangu jana, nikamzuia mlangoni, jambo lingegeuka. Alilijua hilo kabisa. Aliuzungusha uzi kwenye kidole.

"Mtu gani?" Balkus aliuliza.

Demko alisubiri. Kisha akasema, "Basi. Hakuna mtu."

"Nyapara hampi mtu toroli kwa kumpenda macho," sauti ilisema toka nyuma. "Kamuuzia nini?" Na mwingine, "Majina yetu, kauza." Na mwingine akasema Waslovaki wote ni hivyo, na Mslovaki akamshika koo, wakaachanishwa. Wapo waliopiga kelele kwamba huo ni mtego wa Treharne, hata mtoto anaona. Lakini waliokuwa wamekalia makopo wiki ile walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anafikiria toroli lake.

Walipiga kura kama kawaida yao. Kila mtu alichukua haragwe jeupe na punje ya makaa, akapita mbele ya kofia ya Balkus, akatia kimoja na kubaki na kingine. Haragwe, mtu abaki. Makaa, atoke. Imrih alipopita aliingiza mkono mpaka kiganja chote kikazama. Alipoutoa alikuwa na haragwe, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi.

Balkus alimwaga kofia mezani. Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Meza ilikuwa nyeusi.

*

Askari wa kampuni walikuja Jumanne. Walitoa kwanza jiko, kisha vitanda, wakaviweka kwenye matope ya njia. Demko hakuwa tena kiongozi wa chama wala mtu wa chama, kwa hiyo hapakuwa na wa kukaa naye. Hanka alitoa picha ya Bikira Maria mwenyewe, akaifunga kwenye sketi.

Verona alikuwa amejifungia, lakini nyumba ya kampuni haina pa kujificha. Hanka alisema kupitia kwenye ubao, sauti ya kawaida kabisa:

"Verona. Mtalala vizuri sasa. Wanangu wanakuwaga na kelele."

Verona alishika mwiko.

Imrih alikuwa anarudi kutoka kazini walipokutana njiani, yeye anapanda, mkokoteni wa Demko unashuka. Demko alikuwa anashikilia jiko lisianguke. Wavulana watano walitembea nyuma kimya kimya, na Imrih aligundua kuwa hakuwa amewahi kuwaona wakiwa kimya.

Alidhani Demko atamtemea mate. Alikuwa ameshaandaa uso.

"Kmotre," Demko alisema, "chumba changu kina maji nyuma ya ukuta wa kushoto. Yanasikika ukiweka sikio. Atakayepewa mwambie asilipue upande huo."

"Nitamwambia."

"Nibusie Ilka."

Mkokoteni ukapita. Wengine walisema wamekwenda kwenye viwanda vya chuma magharibi, wengine walisema jina la Demko lilikwishatumwa kwa kampuni zote na hakuna geti litakalomfungukia.

*

Atakayepewa. Imrih alitembea na neno hilo siku tatu. Alijiona amesimama wima katika chumba kile, mgongo umenyooka, anapiga sururu juu ya kichwa. Hakumwambia Verona. Ijumaa, chama kilipokuwa tayari ni vyama viwili, waliotia haragwe hawakai na waliotia makaa, na mwenye baa amefunga ghorofa yake kwa sababu ya ugomvi, Imrih alimsubiri Treharne nje ya ofisi ya mgodi. Ukutani palikuwa pamepigiliwa tangazo jipya. Alikuwa hajui kusoma Kiingereza.

Alivua kofia. "Bwana. Nimekuja kuhusu chumba cha mbele."

"Chumba kipi?"

"Kilichokuwa cha Hlavati."

"Kile kina mtu. Mtoto wa dada ya mke wangu kaja toka ng'ambo. Kijana mzuri, anaimba." Treharne alikuwa na haraka lakini akasimama. "Ulidhani ni chako?"

"Nilidhani, kwa vile mimi ndiye wa karibu."

"Ukaribu siyo sifa."

"Basi toroli, bwana. Wiki hii nimepata moja. Zamu yangu..."

"Zamu?" Treharne aligeuka akagonga tangazo kwa kidole. "Hujasoma? Ah, ndiyo, huwezi. Linasema toroli litapelekwa kwa kadiri ya bidii ya mtu. Zamu ilikuwa ya chama, Kostelnik. Nionyeshe chama nitakuonyesha zamu."

"Mimi nina bidii."

"Wote mna bidii. Mlitwania wenu, yule Balkus, ana bidii sana." Akatoa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni bila kuitumia. "Mke wangu anasema nyie watu wa kwenu mnajua kufuga. Anapenda bata bukini Jumapili. Mimi sijasema kitu. Mlango wetu wa nyuma hauna komeo baada ya misa."

"Na Hlavati, bwana," Imrih alisema, na hakujua kwa nini anauliza sasa. "Alikuletea nini?"

Treharne alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Hlavati? Yule hakuwahi kuleta hata yai."

*

Verona alikuwa na bata bukini wawili aliokuwa anawanenepesha kwa sikukuu ya Mtakatifu Martini. Imrih alipomwambia amfunge mmoja, hakuuliza ni wa nini. Alikuwa ameshasikia kwa wanawake wenzake bombani, au alikuwa ameshawaona wakitazamana vibaya na kunyamaza.

"Chukua mkubwa," alisema.

"Yule mdogo anatosha."

"Chukua mkubwa, Imrih. Mke wa Balkus amekuwa akimlisha bata wao mahindi toka Alhamisi."

Nyumba ya nyapara ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, na nyuma yake kulikuwa na njia nyembamba iliyofunikwa majivu ili watu wasiteleze. Imrih alidhani atakuwa peke yake. Njia ilikuwa imejaa. Walikuwa wamejipanga kwa mstari, wanaume na wanawake, wengine bado na vitabu vya sala. Muayalandi aliyeuliza kama watu wafukuzwe kwa harufu alikuwa na chupa mbili ndani ya koti. Mjane mmoja wa Kislovaki alikuwa na vitambaa vya meza alivyofuma mwenyewe. Aliyemshika mwenzake koo siku ya kikao alikuwa nyuma tu ya yule aliyeshikwa. Hakuna aliyesalimiana. Kila mtu alitazama kisogo cha mbele yake, kisha macho yakashuka mpaka kwenye alichobeba, yakakaa hapo.

Mlango wa nyuma ulikuwa unafunguka kidogo. Mkono wa mwanamke, mweupe, wenye pete, ulitoka ukaminya kifua cha bata, ukasita, ukamchukua au ukamwacha mtu asubiri pembeni. Hakuna neno lililosemwa. Mlango ukafungwa, ukafunguka, na mstari ukasogea.

Mbele ya Imrih alikuwa Balkus. Kovu la bluu lilikuwa limekunjamana kwenye paji lake. Alikuwa amembana bata bukini kwapani, kichwa cha ndege kimetokeza nyuma ya kiwiko, kinamtazama Imrih kwa jicho moja la njano. Alikuwa bata mkubwa. Shingo yake ilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na tumbo lilimwagika juu ya mshipi wa Balkus. Mahindi, kweli.

Imrih alimtazama wa kwake. Nyumbani alionekana mkubwa.

Nyuma yake majivu yalikwaruzwa na viatu. Mtu mwingine alikuwa amefika, na kitu kilikuwa kinapumua na kukoroma ndani ya gunia. Imrih aligeuza shingo akaona pua ya nguruwe mdogo, ya waridi, safi, imetokeza kwenye tundu. Kitu kikamchoma chini ya mbavu.

Mlango ukafunguka. Balkus akasogea hatua moja mbele. Imrih naye akasogea. Akamtoa bata kwapani, akamweka mbele ya kifua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na akaanza kumpuliza manyoya, taratibu, yavimbe, aonekane mnene.